Maswali Yenu: Ndege wakubwa wa ziwani, kwa karibu

Barua za toleo hili zimetoka Entebbe hadi Buliisa, na karibu zote zinauliza jambo lile lile: nitamkaribiaje ndege mkubwa bila kumfukuza? Uganda haina bahari, lakini ufukwe tunao tele: Ziwa Viktoria, Albati, Edward, George, na mfereji wa Kazinga unaounganisha haya mawili ya mwisho. Majibu yameandikwa na jopo letu la wapiga picha na waongoza watalii wa ndege.

Nilikwenda kinamasi cha Mabamba na kamera ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) na lenzi ya milimita 70–300. Tulimpata korongo-nyangumi, yule wa mdomo kama kiatu ambaye Waganda humwita bbulwe, akiwa umbali wa kama mita 60. Pichani ametoka mdogo sana. Mpiga kasia alisema tungesogea zaidi nikiongeza kitu kidogo. Nikasita. Je, nilikosea?
*Msomaji wa Entebbe*

Hukukosea, dada. Tuanze na hesabu, kwa sababu watu wengi husogea bila kujua wanataka kufika wapi. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita, zidisha kwa kimo cha ndege kwa mita, kisha gawanya kwa kimo unachotaka awe nacho kwenye sensa, kwa milimita. Jibu ni umbali kwa mita. Sensa yako ina kimo cha takriban milimita 16. Bbulwe aliyesimama ana kama mita 1.2. Ukitaka ajaze theluthi mbili za fremu, yaani milimita 10.5 hivi, basi 300 × 1.2 ÷ 10.5 ni mita 34. Ukiridhika na nusu ya fremu, mita 45 zinatosha. Kwa hiyo ulikuwa umepungukiwa na mita 15 hadi 25 tu, na hizo hupatikana kwa subira bila kuongeza shilingi.

Uso peke yake ni habari nyingine. Kichwa na mdomo pamoja ni kama sentimita 30. Ili vijaze nusu ya upana wa fremu kwa lenzi yako ungelazimika kuwa mita 7 na nusu kutoka kwake, na hapo hapafai kufika kwa mtumbwi. Mwenye lenzi ya 600 atapata picha hiyo akiwa mita 15. Wewe piga picha ya ndege katika makazi yake: mafunjo nyuma, yungiyungi mbele, yeye katikati amesimama kama mlinzi. Ni picha nzuri zaidi kuliko wengi wanavyodhani, na ni wachache wanaoipiga vizuri.

Sasa namna ya kusogea. Injini izimwe mapema, ndege akiwa bado mbali, kisha mtumbwi usukumwe kwa upondo. Msimwendee moja kwa moja. Pitieni kwa mshazari kana kwamba mnaelekea kwingine. Kila mita kumi simameni, mtulie dakika kadhaa, mtazame shingo yake. Akiwa ameikunja, manyoya yamelegea, macho yako majini, mnaweza kuendelea. Akiinua kichwa na kuwafuata kwa macho, mmefika mwisho. Rudini mita tano, mara nyingi atatulia na kuendelea kuvua. Manyoya yakibana mwilini na akaanza kupiga hatua, mmeshavuka mpaka. Akiinama mbele na kulegeza mabawa, ameshaamua kuondoka. Kama kuna mtumbwi mwingine, kaeni upande mmoja nao. Ndege aliyezungukwa hana la kufanya ila kuruka, na bbulwe akiruka huenda asirudi pale siku nzima.

Kusubiri kunalipa kwa sababu ya chakula chake. Hapo Mabamba anawinda sana kamongo, yule samaki ambaye wavuvi wetu humwita mmamba. Maji ya kinamasi yana hewa kidogo, hivyo kamongo hulazimika kupanda juu kuvuta pumzi, na bbulwe anamngojea hapo hapo. Dalili ya shambulio ni mdomo kuelekezwa chini kabisa na mwili kuegemea mbele polepole. Halafu anajiangusha mzima mzima, mabawa wazi. Tukio lenyewe ni la kufumba na kufumbua, kwa hiyo shata iwe 1/2000 ya sekunde tangu awali hata kama amesimama tuli kwa nusu saa. ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya 800 au 1600 haina ubaya. Chembechembe husafishika, ukungu wa mwendo hausafishiki.

Wenye lenzi ndefu wanatuuliza kwa nini jicho ni kali na ncha ya mdomo imefifia. Kwa lenzi ya 600, sensa kama yako, mita 15 na tundu la f/6.3, kina cha fokasi, yaani sehemu inayotoka kali, ni kama sentimita 16, nusu mbele ya jicho na nusu nyuma. Mdomo wa bbulwe una urefu wa sentimita 20 hivi. Akikuelekea usoni, hata ukibana tundu hadi f/11 ukali hautafika kwenye ncha. Msubiri ageuke upande. Jicho na mdomo vikiwa kwenye usawa mmoja, f/6.3 inatosha.

Kuhusu malipo: mwambie mpiga kasia kabla ya kuondoka gatini kwamba bakshishi utatoa, na haitategemea ukaribu. Sentensi hiyo moja hubadilisha safari nzima. Zamani wavuvi waliamini kwamba kumwona ndege huyu asubuhi ni mkosi wa kurudi na mtumbwi mtupu, na walimuua. Leo wengi wa wapiga kasia wa Mabamba ni watu wa jamii hizo hizo za wavuvi, na ndege mzima ndiye riziki yao. Usiwe wewe wa kuwarudisha nyuma. Na mkiona kiota, geuzeni. Mzazi humwagia mayai na kinda maji ili yasiungue na jua. Akikaa mbali kwa ajili yenu, hakuna wa kuyapoza.

Mwari na yangeyange wangu wote hutoka kama karatasi nyeupe, hakuna hata unyoya unaoonekana. Rafiki yangu anasema nipunguze mwanga, mwingine anasema niongeze.
*Mwalimu wa sekondari, Jinja*

Wote wawili wana haki, Mwalimu, kila mmoja kwa picha yake. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina rangi ya wastani. Yangeyange mdogo mbele ya mafunjo meusi: kamera inaona giza, inafungua mwanga, mweupe anaungua. Hapo weka kitufe cha +/- kwenye −1, au hata −1.3. Mwari mweupe aliyejaza fremu nzima: kamera inaona weupe mwingi, inabana, naye anatoka kijivu. Hapo unaongeza, +0.7 hivi. Furukombe, yule tai mla samaki, akiruka juu mbele ya mbingu angavu, ongeza +1 hadi +1.7, lakini chunga kichwa chake cheupe.

Tatizo ni kwamba ndege anayeruka hupita mbele ya mafunjo, kisha maji, kisha mbingu ndani ya sekunde tatu, na kamera inabadilisha mawazo kila mara. Jua likiwa thabiti, acha otomatiki. Weka mwenyewe ISO 400, f/8, 1/2500 jua likiwa mgongoni mwako, halafu washa onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua. Mgongo wa ndege ukimeta, nenda 1/3200. Usipometa kabisa, rudi 1/2000. Ukishaipata, ndege apite mbele ya chochote, weupe wake haubadiliki kwa sababu jua linalompiga ni lile lile. Hifadhi faili ghafi (RAW) badala ya JPEG. Katika manyoya meupe tofauti ni kubwa.

Na kwa kuwa umewataja mwari: tuna aina mbili. Mwari weupe wakubwa huvua kwa kundi, hujipanga kama nusu duara na kuzamisha vichwa kwa pamoja, kisha huinua kwa pamoja. Hesabu mwendo wao mara mbili tatu, utajua lini midomo itatoka majini. Wale wenye mgongo wa waridi mara nyingi huvua kila mmoja peke yake, kwa hiyo huko chagua ndege mmoja na ubaki naye.

Kwenye boti ya Mweya nilitumia tripodi, na bado picha za Kazinga zimelegea. Shata ilikuwa 1/2000. Je, lenzi imeharibika?
*Msomaji wa Kasese*

Huenda lenzi ni nzima kabisa. Tripodi kwenye boti inakunywa mtetemo wa injini kupitia sakafu na kuupeleka moja kwa moja kwenye kamera. Iache hotelini. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, utie maharagwe makavu kilo 2, uuweke juu ya ukingo na lenzi ilale hapo. Mchele tunaukataa kwa kuwa hunyonya unyevu, huvimba na kuota ukungu. Injini ikiwa inaunguruma, hata mfuko usiuegemeze. Bana viwiko kifuani, ushike kwa mikono. Kaa ghorofa ya chini ya boti. Juu kunaonekana kutamu, lakini utapata migongo ya ndege na maji tupu.

Kuna mshukiwa wa pili, naye ndiye tunayemwogopa zaidi: hewa yenyewe. Ardhi na maji vikishapata joto, hewa iliyo juu yake hucheza, na picha ya ndege aliye mita 80 huyumba kabla haijafika kwenye lenzi. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Jipime hivi: piga picha kumi mfululizo za ndege mmoja aliyesimama. Kama kila moja imelegea kwa namna yake na kingo zina mawimbi, ni hewa. Kama zote zimelegea sawasawa na majani ya mbele au ya nyuma yako makali, ni fokasi. Dawa ya hewa ni kukaribia, kwenda mapema, au kungoja wingu. Angalia pia kofia ya lenzi, lile bomba la mbele la kuzuia jua: lenzi ikitoka kwenye gari lenye joto, hewa ya moto hubaki humo ndani ikicheza. Ivue dakika kumi.

Kwenye ikweta muda ni mfupi. Jua letu hupanda karibu wima, kwa kadiri ya digrii 15 kila saa. Entebbe huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi hivi mwaka mzima, Kasese dakika kumi baadaye. Mwanga laini hudumu chini ya saa moja, na kufikia saa tatu asubuhi kivuli cha mdomo kimeshaanguka kifuani mwa ndege. Kuna nafuu moja tu: mwari, korongo na kalooli (korongo mkubwa mwenye mfuko shingoni) ni wazito, hivyo wengi hungoja ardhi ipate joto ili wapande na hewa inayopaa. Kati ya saa tatu na saa nne utawakuta wakianza kuzunguka angani. Picha za kuruka juu piga wakati huo, za majini zimalize kabla.

Droni je?
*Kijana wa Mukono*

Unahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hifadhini kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori pia. Hata ukiwa navyo, kwa ndege wa majini chochote kinachoning'inia juu yao ni mwewe. Kundi zima litaruka. Hatupendekezi.

Nimeona picha za furukombe akinyakua samaki, kucha mbele, maji yanaruka. Naambiwa siri ni kumtupia samaki. Nifanyeje huku Bukakata?
*Msomaji wa Masaka*

Siri hiyo tunaijua na hatuifundishi. Kwenye maziwa kadhaa samaki aliyekufa hutiwa kipande cha bua la funjo ili aelee, halafu mwenye boti hupiga mluzi. Furukombe humeza samaki pamoja na bua. Pia hujifunza kufuata boti, na ndege anayefuata boti siku moja atafuata ya mtu mwenye nia nyingine. Ukitazama picha zenyewe kwa makini, zote zinafanana: pembe moja, samaki mmoja aliyekauka macho.

Bila chambo kazi ni ndefu lakini inawezekana, kwa sababu furukombe ana mazoea. Jozi huwa na mti wake. Tumia asubuhi mbili bila kamera: andika tawi analokalia, anarukia upande gani, anarudi na samaki wapi. Kisha jipange kwa vitu viwili, jua na upepo. Ndege wakubwa hutua na kuruka wakiukabili upepo. Asubuhi na mapema upepo mwanana huelekea ziwani kutoka nchi kavu. Kuanzia mchana hugeuka, ukatoka ziwani. Kwa hiyo asubuhi, ukisimama ufukweni na upepo mgongoni, anayetua anakuja uso kwa uso nawe. Mchana atakupa mgongo. Jua likiwa pia nyuma ya bega lako, mahali ni hapo hapo, usihame.

Akirudisha kichwa nyuma, anataka kulia. Hiyo ni picha ya pili kwa uzuri, na haitaki haraka. Akijisaidia na kuinama, anaruka. Anza kubonyeza kabla hajaacha tawi. Fokasi iwe ya kufuatilia, na swichi ya umbali wa lenzi ifungwe isitafute karibu, la sivyo itapotelea kwenye mafunjo.

Nina simu tu. Nisahau?
*Fundi simu, Kampala*

Usisahau hata kidogo. Nenda Ggaba asubuhi samaki wanapoparuliwa. Kalooli husimama mita tatu au nne kutoka kwa wachuuzi, kimo chake kinafikia mita 1.5, na hajali. Chuchumaa mpaka simu iwe usawa wa macho yake. Usivute kwa vidole, hiyo ni kukata picha tu, piga hatua. Omba ruhusa kwa wachuuzi kwanza, na usielekeze simu kwa askari wa ulinzi wa uvuvi.

Kwa ndege wa mbali, azima darubini ya 8×42. Kamera kuu ya simu nyingi ni sawa na lenzi ya milimita 26. Mara nane unapata kama 200. Kunja mpira wa darubini, gusisha lenzi ya simu katikati kabisa, fungia fokasi kwa kubonyeza kioo kwa muda, na uegemeze darubini kwenye ukuta. Duara jeusi likitokea pembeni, simu imesogea kando au iko mbali mno.

Nataka zile picha za chini kabisa, ndege na wewe mko usawa mmoja, nyuma kumeyeyuka. Nilale wapi hapa Ziwa Albati?
*Msomaji wa Buliisa*

Kwanza pa kutolala. Usiwe ufukweni kabla jua halijapanda vizuri: viboko wanarudi majini kutoka malishoni, na mtu aliyelala kati ya kiboko na maji hana pa kukimbilia. Usilale kando ya matete wala ukingo wenye maji ya kina, kwa sababu ya mamba. Uliza wavuvi wa hapo, kila asubuhi upya. Na usiingize viwiko majini. Kichocho ni kingi ziwani humo, vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache. Ukilowa, jifute upesi, lakini usilitegemee taulo. Nenda kituo cha afya ueleze, dawa ya prazikwanteli ipo.

Mahali pazuri ni mchanga mkavu ulio wazi pande zote, mita kadhaa kutoka majini, na mwenzako amesimama nyuma akitazama yale usiyoyaona. Tandika turubai chini na mkeka juu. Kwa lenzi, nunua kikaango bapa cha sentimita 25 hadi 30, toboa katikati, pitisha boliti ya inchi 3/8 kutoka chini, na ufunge kichwa cha tripodi juu yake. Kinateleza mchangani bila kuzama, na ukingo wake unazuia mchanga usifike kwenye fokasi. Kikaango kikuukuu kinafaa sawa na kipya.

Halafu usimtambalie ndege. Tazama anatembea kuelekea wapi. Korongo na domomwiko wanaokula hufuata ukingo wa maji polepole, mara nyingi upande mmoja kwa muda mrefu. Zunguka mbali, ukalale mita 30 mbele yake, ukae kimya. Asipogeuka atakujia mwenyewe, na anaweza kusogea karibu kuliko lenzi yako inavyoweza kukamata: nyingi za 400 hadi 600 hazipati fokasi chini ya mita 2 hadi 4. Ikitokea, acha kubonyeza na usiinuke. Ngoja apite. Ukiinuka ghafla, yeye na wote walio nyuma yake wanaondoka.

Ndani ya lenzi yangu kumeota kitu kama utando wa buibui.
*Msomaji wa Kalangala*

Ni ukungu, yaani kuvu, na visiwani ndiko unakopenda. Ipeleke lenzi kwa fundi mapema, kabla ukungu haujala tabaka la kinga la kioo, usifungue mwenyewe. Zinazobaki zima zitie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika inayobadilika rangi ikishiba, ikaushe kwa moto mdogo kama pakiti inavyoelekeza. Begi la kamera si ghala. Sponji yake hukaa na unyevu wiki nzima.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha begi limefungwa nusu saa nje kabla ya kulifungua, la sivyo kioo kitatoka jasho. Na wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi wakitua kwenye lenzi, wapulize kwa pampu ya mpira. Ukiwafuta wakiwa wakavu, wanapasuka na kuacha mafuta ambayo hata kitambaa kizuri huyasambaza tu.